Nyani Alivyojifanya Mjomba Siku ya Idi

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa chungu.
Kimeiva!
Na walaji?
Wamezidi!
Basi sogeeni. Aliye mlangoni avute mkeka, tusije tukarudia mwanzo.

Hapo kale kulikuwa na ukoo wa Nguchiro. Walikaa ndani ya kichuguu kimoja chenye milango saba. Saba, si sita. Aliyewaambia sita hakuzunguka nyuma. Humo walikaa babu na bibi, mashangazi, wakwe, mabinamu, na watoto ambao hata mama zao waliwachanganya.

Mwanaidi alikuwa mke mpya humo. Ilikuwa Idi yake ya kwanza ukweni, na mama mkwe alikuwa amemwachia chungu cha pilau. "Mwanangu," alimwambia, "ukoo huu husamehe yote. Njaa ya Idi hausamehe."

Mwanaidi akachagua mchele punje kwa punje, akaonja chumvi mara tisa.

Juu ya mti jirani alikaa Nyani. Kifua kama gogo, tumbo kama kapu. Harufu ya pilau ikampanda puani, fuu! Mate yakamdondoka, cho cho cho! Chini akamsikia shangazi mmoja akisema, "Tangu afariki mjomba mkubwa, Idi haijanoga. Alikuwa akitulisha sote, kisha kilichobaki chote ni chake."

Nyani alisikia nusu tu ya maneno. Nusu yenye chakula.

Puu! Akaruka chini, akaketi mbele ya mlango mkubwa.

"Hodi, jamani! Mjomba wenu mkubwa nimekuja!"

Mama mkwe akachungulia. "Mjomba yupi?"

"Wa mbali."

"Mbona hufanani nasi?"

"Mimi nina mkia, nyie mna mkia. Mnataka ushahidi gani tena?"

"Na huko nyuma, kwekundu vile?"

"Nguo ya sikukuu! Leteni pilau yote. Mkinikana nakaa papa hapa, na kila atakayetoa pua namng'ata."

Mama mkwe akarudi ndani mbio. "Tumekwisha! Tukimpa, watoto watashinda na njaa siku ya Idi. Tusipompa, tutafia humu humu."

Wote wakamtazama Mwanaidi, kana kwamba yeye ndiye aliyemwalika. Akakaza kanga kiunoni. "Mama," akasema, "tumpeni ujomba wake wote."

Akatoka na sinia la kwanza. "Shikamoo, mjomba!"

"Marahaba. Weka hapo, kalete mengine."

"Yapo matatu, mjomba, nayatoa moja moja. Ila mila unaijua kuliko mimi niliyeolewa juzi. Mjomba humlisha kila mtoto tonge moja kwa mkono wake. Kisha kilichobaki chote ni chake."

Nyani akajikuna kichwa. "Ee, naijua. Watoto wenyewe ni wangapi vile?"

Mwanaidi akashika mdomo. "Mjomba mzima hajui idadi ya wapwa wake?"

"Nani hajui? Nakupima tu!"

Watoto wakajipanga mstari. Wa kwanza akaja:

"Mjomba nilishe, nikushukuru, nyuma yangu yuko ndugu!"

Nyani akafinyanga tonge, kwep! Mdomoni. Wa pili akaja:

"Mjomba nilishe, nikushukuru, nyuma yangu yuko ndugu!"

Kwep! Mdomoni. Na kila aliyelishwa, churu! akaingia mlango wa kushoto, chomo! akatokea mlango wa nyuma. Akazunguka kichuguu, akasimama tena mwisho wa mstari. Watoto walipochoka kuzunguka, wakaingia mama zao. Mama zao walipoona mambo ni mazuri, wakawaita waume zao.

Sinia la kwanza likaisha. Likaja la pili. Kwep! Kwep! Nyani akaanza kushuku. Akamkamata mmoja sikio.

"Wewe nimeshakulisha!"

"Yule ni pacha wangu, mjomba."

"Na huyu?"

"Watatu wetu."

"Na huyu je? Mbona ana ndevu nyeupe?"

Alikuwa babu mwenyewe. Mwanaidi akadakia, "Huyo ni kitindamimba wetu. Mjomba, umemsahau? Watu watasema wewe si ndugu."

Nyani akacheka kicheko kikavu. "Namsahauje? Njoo, baba. Fungua kinywa."

Babu akafungua. Hakuwa na jino hata moja.

"Hayajaota bado," akasema Mwanaidi.

Kwep!

Sinia la tatu likaja. Mkono wa Nyani ukafa ganzi, vidole vikanata mafuta, na yeye mwenyewe hajaonja hata punje. "Bado nani?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Hakuna, mjomba. Sote tumeshiba. Kilichobaki chote ni chako."

Nyani akatazama sinia. Jeupe.

"Na chungu?"

"Chungu ndicho kilichojaza masinia."

"Mmeniibia!"

"Umelisha kwa mkono wako, mjomba. Au unataka kusema wewe si mjomba?"

Nyani akatoa meno yote. Akarukia mlango, lakini churu! Mwanaidi alikwisha kuingia, pua zote zilikuwa ndani, na tumbo lililoshiba pilau laweza kukaa ndani siku tatu. Kutoka milango yote saba akasikia, "Ahsante, mjomba!"

Basi akafanya nini? Akayaramba masinia. Akaramba la kwanza, akaramba la pili, akaramba la tatu, mpaka yakang'aa. Kisha akaenda zake, tumbo likiimba kruu, kruu. Idi ile, kwa mara ya kwanza, wake wa ukoo hawakuosha vyombo.

Mama mkwe akainua sinia moja, akajitazama humo kama kwenye kioo. "Mwanaidi, mwanangu," akasema, "mwakani tusimtafute mjomba mwingine. Huyu anafaa."

Mafunzo ya hadithi hii ni kwamba uongo haufai. Nyani alidanganya peke yake, akalala njaa. Nguchiro walidanganya ukoo mzima, wakashiba. Kwa hiyo, watoto, msidanganye kamwe kabla hamjaita ndugu zenu.

Hapo ndipo hadithi ilipokaa chini kupumua. Ikiwa tamu, mkawape na wa nyumba ya pili. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe.