Kadi ya Majumba Sita

Mtu mmoja alikuwa na siku moja tu ya kukaa mjini. Jina lake Lwitiko, mkulima wa ndizi kutoka milimani, mtu mwema asiye na kosa ila hili nitakalowaeleza. Alikuwa amemsindikiza mgonjwa wa ukoo hospitalini, na basi la kumrudisha nyumbani lilikuwa la saa kumi na mbili jioni.

Mama yake, Tupokigwe, alizaliwa baba yake akiwa ameshaondoka kwenda kujenga reli. Baba huyo hakurudi, wala kaburi lake halijulikani. Mama akakua, akaolewa, akazeeka, hajapata kuuona uso wa aliyemzaa. Kisha mtu mmoja aliyetoka mjini akamwambia kwamba katika jumba la makumbusho ya reli kuna picha ya wajenzi, na jina la baba yake liko chini ya picha hiyo. Lakini macho ya mama yalikuwa yameingia ukungu, na miguu haikuiweza safari. Akamwambia mwanawe, "Nenda ukamtazame kwa niaba yangu. Mtazame mpaka uchoke, maana ukirudi nitakuuliza mimi nimechukua nini kwake."

Saa nne asubuhi Lwitiko alisimama kwenye dirisha la tiketi za makumbusho ya mji, na hapo ndipo jaribu lilipomkuta. Kulikuwa na tiketi ya jumba moja. Kulikuwa pia na kadi, iliyozidi kidogo bei ya tiketi mbili, ambayo ilifungua majumba sita ya makumbusho ya mji ule kwa siku nzima, ikigongwa muhuri kila mlango. Akaduwaa. Watu nyuma yake wakaanza kukohoa. Akamwuliza dada muuza tiketi ipi ina faida, naye akasema inategemea amekuja kuona nini. Lilikuwa jibu la kutosha kabisa, ila masikio ya Lwitiko yalikuwa yameshajaa hesabu.

Akanunua kadi. Sasa, kwao Lwitiko mtu akipakuliwa chakula hakibakizi, maana kubakiza ni kumtukana mwenye nyumba. Tena mtoto hufundishwa kumaliza ugali kwanza, nyama aiache mwisho, ili utamu ubaki mdomoni. Ni adabu nzuri mkekani. Yeye akaichukua akaitumia kupanga siku yake: majumba matano kwanza, babu mwisho.

Akaona ndege waliokaushwa, akaona vyungu, akaona mavazi ya machifu. Nasema akaona, lakini alitazama saa za ukutani zaidi kuliko kitu kingine chochote. Kufikia saa saba alikuwa na mihuri mitatu na shati limelowa jasho. Moyo ukamwambia aende kwa babu sasa. Akaujibu kwamba yamebaki mawili tu, na kuyaacha ni hasara. Mshika mbili moja humponyoka, ndivyo alivyozoea kuwaonya wanawe. Siku hiyo yeye alishika sita. Jumba la nne lilikuwa na foleni ya wanafunzi, akasubiri karibu saa nzima. La tano lilikuwa upande wa pili wa mji. Hofu ikamwingia, akakimbia.

Aliufikia mlango wa jumba la reli saa kumi na dakika arobaini, na linafungwa saa kumi na moja. Mlinzi akamgongea muhuri wa sita, akamwonyesha chumba, akamwambia picha hazipigwi humo. Wajenzi walikuwa zaidi ya sitini, wamesimama safu nne juu ya mataruma ya reli, na majina yao yameandikwa chini kwa herufi ndogo za zamani. Lwitiko akayasoma moja moja kwa kidole. Nyuma yake madirisha yalikuwa yakifungwa. Akalipata jina: safu ya tatu, mtu wa kumi na moja. Akahesabu vichwa, lakini wengine walijificha nyuma ya wenzao, hesabu ikampotea. Akaanza upya kwa kidole. Kikaishia kati ya watu wawili, mmoja wa uso mpana anayecheka, mwingine mwembamba aliyeinamisha macho. Mlinzi akasema, "Mzee, tunafunga," na taa zikazimwa.

Kesho yake alimkuta mama ameoga, amevaa kanga mpya, watoto wamenyamazishwa. Mama hakuuliza habari za mjini. Aliuliza lile alilomwagiza tu. Lwitiko alikuwa na kadi kamili mfukoni, na hakujua babu ni yupi kati ya wale wawili. Akaona aibu, akasema, "Paji la uso, mama."

Mama akaligusa paji lake polepole kwa vidole vyote, akalia kwa furaha. Tangu siku hiyo kila mjukuu aliyezaliwa alipelekwa kwake apapaswe paji la uso, atafutwe babu. Mama alifariki mwaka wa tatu akiwa na furaha hiyohiyo. Lwitiko yu hai, na hajapata wa kumweleza.

Ninyi mnaonisikiliza, siku yenu nayo ni moja. Mlitumwa kumwona nani, na mmemweka wa ngapi?