Picha Sitini na Mbili za Daraja

Kabla hujamtumia mwingine ujumbe huu, usome wewe kwanza hadi mwisho.

Ambakisye alikuwa mwalimu wa jiografia. Alikuwa akiishi na mama yake mzazi, Bibi Tusajigwe, ambaye uzeeni alianza kupoteza kumbukumbu. Mwalimu alimpikia, akamwogesha, akamvalisha. Miezi saba ilipita bila kupumzika hata siku moja.

Jumamosi moja akamwambia, "Mama, leo twende tukapunge upepo."

Akachukua kamera yake, wakaenda kwenye bustani ya kale kando ya mto, penye daraja la mawe lililojengwa enzi za Wajerumani. Akamkalisha mama kwenye benchi kivulini.

"Usiondoke hapa, mama. Napiga picha za daraja, narudi sasa hivi."

"Haya, baba. Nenda."

Akapiga daraja kwa mbali, akalipiga kwa karibu. Akapiga nguzo zilizoota kuvu, akapiga na korongo aliyesimama juu ya jiwe. Mabega yakamlegea. Akasahau kabisa saa.

Alipogeuka, benchi lilikuwa tupu.

"Mama!" Akaita tena. "Mama!"

Mvua za masika zilikuwa zimeujaza mto, maji mekundu yakinguruma chini ya daraja. Akakimbilia ngazi za mawe zinazoshuka majini. Kwenye ngazi ya mwisho palikuwa na kandambili moja, imelowa.

Akaiokota, akaigeuzageuza. Ni ya mama? Si ya mama? Hakujua.

Mlinzi wa bustani akaja mbio. "Kuna nini, mwalimu?"

"Mama yangu haonekani!"

"Amevaa nguo gani?"

Ambakisye akajaribu kukumbuka. Gauni la bluu? La kijani? Yeye mwenyewe ndiye aliyemfunga vifungo asubuhi ile, mawazo yakiwa kwingine.

"Basi nionyeshe picha yake."

Akaiwasha kamera. Daraja. Daraja. Korongo. Nguzo. Daraja. Picha sitini na mbili, na hata moja haikuwa na mama. Akakaa chini kwenye tope.

"Inuka," mlinzi akamshika mkono. "Kuna watu wa harusi upande wa pili wa bustani. Tukawaulize, huenda wamemwona."

Wakapita kwenye mianzi. Vigelegele vilikuwa vikipigwa, na maharusi walikuwa wamepangwa tayari kwa picha. Katikati yao, kwenye kiti cha heshima, alikaa Bibi Tusajigwe. Gauni la zambarau, viatu vyeusi miguuni, shada la maua mapajani.

"Huyu ni mama yangu!" Ambakisye akapaza sauti.

Bibi harusi akashangaa. "Sisi tulidhani ni bibi wa upande wa bwana harusi."

"Na sisi tulidhani ni wa kwenu!" akasema bwana harusi.

Watu wote wakaangua kicheko. Ambakisye hakucheka. Alipiga magoti mbele ya mama yake, akalia mbele ya wageni asiowajua.

Mama akamfuta uso kwa kiganja. "Jikaze, baba. Wanapiga picha."

Mwalimu akamkabidhi mlinzi kamera. "Tafadhali, ndugu yangu. Tupige picha mimi na mama."

Funzo: Kumtunza mtu si kumlisha na kumvisha tu. Mtazame pia, ungali naye.