Raba Fupi za Gwamaka

"Raba ya tope si yako, ni yake wa nyuma yako."

Mmeisoma leo nyuma ya lori la ndizi, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Kaeni basi, wajukuu zangu. Methali hii ilianza mbele ya macho yangu, nami nilikuwamo garini.

Enzi hizo barabara zetu za Rungwe zilikuwa udongo mtupu. Madereva wa ndizi walikuwa na desturi yao: kijana akimposa binti wa dereva, kabla ya kupewa jibu hubadilishana magari na baba wa binti kwa safari moja. Ukitaka kumjua mtu, walisema, usikae sebuleni kwake. Endesha gari lake.

Gwamaka alikuwa na lori jekundu na maneno mengi. Alijifundisha kutunga mashairi mwenyewe, akaamini kwamba kuanzia Tukuyu hadi ziwani hakuna wa kumjibu. Zile raba pana zinazoning'inia nyuma ya matairi kuzuia tope aliona zinamharibia urembo wa gari. Akazikata zikabaki fupi kama kola ya shati, akazipaka rangi ya njano, akaandika: NIFUATE ULE TOPE. Wenzake walipolalamika kwamba anawapofusha njiani, aliwajibu, "Anayeumia na anipite!" Hakuna aliyempita.

Ndipo akaja kuniposa mimi.

Baba yangu, Mzee Mwaisumo, alilizunguka lile lori, akasoma, akakohoa.

"Mwandiko mzuri," alisema. "Kesho tunashuka Kyela. Mimi natangulia na lori lako, wewe unifuate na pikapu yangu pamoja na binti yangu Tusajigwe. Jibu nitakupa sokoni. Ila usibaki mbali, kijana. Mkwe hafuati kwa mbali."

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika, lakini barabara ilikuwa uji. Baba hakukimbia wala hakufanya hila yoyote; aliendesha kama siku zote. Tope likaruka kutoka kwenye yale matairi makubwa, likatua kwenye kioo chetu. Waipa zikalipaka huku na huku kama siagi kwenye mkate. Gwamaka akatoa kichwa dirishani apate kuona, akapigwa tope la mdomo. Nikacheka.

"Unacheka nini, Tusa?"

"Nasoma ulichoandika."

"Unasoma wapi? Hakuna kinachoonekana!"

"Nimekariri."

Akataka kumpita baba. Nikamshika mkono. "Ukipita bila kuona mbele, utanioa ahera."

Papo hapo jiwe lilirushwa na tairi, kioo kikapasuka kwa mistari kama utando wa buibui. Pikapu ikateleza, ikalala mferejini. Tulitoka wazima, ila tulifanana na vyungu ambavyo havijachomwa.

Baba alisimamisha lori, akarudi kwa miguu, shati lake jeupe halina doa.

"Kumetokea nini?"

"Sikuona njia, mzee."

"Nani alikuziba macho?"

"Wewe, mzee." Gwamaka alilitazama lori lake pale mbele, akaziona zile raba za njano. Akashusha sauti. "Hapana. Ni mimi."

"Kumbe ulidhani raba ni kofia," baba akasema, "kwamba mtu huvaa apendeze mwenyewe?"

Nilidhani Gwamaka atanigeukia nimwombee. Hakunigeukia. Alijifuta uso, akasimama wima. "Mzee, leo usinijibu. Nipe safari nyingine."

"Haya. Nenda kajiandae."

Alitafuta mpira mzito wa mkanda wa mashine ya mbao. Akaukata upana wa kuzidi matairi pacha, akaushusha hadi shibiri moja kutoka ardhini. Ukishuka zaidi, alinieleza, gari likirudi nyuma tairi litaukanyaga liung'oe. Ukipanda zaidi, tope litapenya chini yake. Akafunga na minyororo ili upepo usiupeperushe. Urembo hakuuacha, nyie! Alipaka njano ile ile, akachora na ua pembeni, na kati akaandika mistari miwili mipya.

Safari ya pili Gwamaka alitangulia na lori lake, baba akafuata na pikapu, mimi nikiwa pembeni yake. Tope lilikuwa lile lile. Liligonga raba, likaanguka chini. Baba akaisoma ile mistari njia nzima, midomo ikimchezacheza.

Sokoni Kyela Gwamaka aliruka chini, akaja mbio.

"Mzee, jibu langu?"

Baba alipitisha kidole juu ya kioo kipya, akamwonyesha. Kikavu.

"Tangu nyumbani sijawasha waipa," alisema. "Hilo ndilo jibu, mkwe wangu."

Babu yenu ametunga mashairi marefu ambayo hata yeye ameyasahau. Haya maneno machache ndiyo yaliyosafiri, yakapita lori hadi lori, mpaka leo mmeyakuta barabarani bila kumjua mwenyewe. Nanyi mkitangulia popote, wajukuu zangu, geukeni mtazame kioo cha anayewafuata. Raba ya tope si yako, ni yake wa nyuma yako.