Ukuta wa Bwana Salmini

Mara ya mwisho Mhina kumwagilia mrehani kaburini kwa mkewe, njia ilikuwa wazi. Jioni ile tajiri Salmini aliiziba kwa ukuta. Mhina akaenda mahakamani kudai fidia nono.

"Mheshimiwa hakimu, mzee huyu anataka kutajirikia kaburini," alisema Salmini. "Njia ya kwenda kwa marehemu haina bei. Hakuna pesa inayoweza kuifidia."

"Una hakika, bwana?" Mhina aliuliza kwa upole.

"Nimeapa hapa, mzee. Siwezi kusema uongo."

"Basi, Mheshimiwa, naomba kurekebisha hati ya madai. Fidia naiacha. Kwa kuwa pesa haitoshi, kama alivyoapa mwenyewe, naomba amri ya kubomoa ukuta."

Hakimu aliamuru ubomolewe kabla ya jua kuchwa.

Kesho yake asubuhi Mhina alipita juu ya kifusi na ndoo yake ya maji.