Bao la Mbali

Bao la mbali, mwamuzi ni moyo.

Juzi mlimsikia Bi Nargis akimwambia hivyo mwanawe, alipokuwa akimfungia begi la safari ya kwenda kusoma Eldoret. Mkacheka, mkadhani mama wa watu amechanganya mambo, kwani yule kijana bao hajui, anajua mpira tu. Kisha mkaja kuniuliza maneno hayo yametoka kitabu gani. Hayakutoka kitabuni. Yametoka papa hapa kichochoroni kwetu, na wengine wenu mlikuwa mmeshazaliwa, ila mlikuwa mkitambaa. Kaeni vizuri.

Methali hii ilianza hivi.

Kulikuwa na wazee wawili, Famau na Omari Shalo, nyumba zao zikitazamana mlango kwa mlango. Famau alikuwa fundi wa saa, Omari alikuwa mpishi wa biriani za harusi, na wote wawili walikuwa wameshaacha kazi. Kila siku baada ya sala ya alasiri walikutana kwenye baraza ya Famau, bao katikati, dele la kahawa pembeni, na watu wamewazunguka wakitoa mashauri ambayo hakuna aliyeyaomba. Bingwa alikuwa Omari. Famau alishinda kwa nadra, na akishinda, mtaa mzima ulijua kabla ya magharibi, maana alipita nyumba kwa nyumba kwa kisingizio cha kujulia watu hali.

Siku hizo, wanangu, mtu alinywea kikombe alichonywea mwenzake, kimesuuzwa kidogo tu ndooni, na hakuna aliyewaza lolote. Nikizikumbuka nasikia uchungu mtamu.

Ndipo ikaja korona. Mwanzoni tuliifanyia mzaha, tukasalimiana kwa viwiko na kuchekana. Kuna siku mtaa mzima uliamka alfajiri kunywa chai ya mkandaa, isiyo na maziwa wala sukari, kwa sababu ya sauti iliyozunguka kwenye simu ikisema ndiyo dawa. Nani aliirekodi sauti ile, hadi leo hatujui, lakini tulikunywa. Kisha mzaha ukaisha. Misikiti ikafungwa, muadhini akawa anatuambia tusali majumbani, na sauti yake ilikuwa ikikatika. Ikaja kafyu. Kila mlango ukawa na ndoo ya maji na sabuni. Mzee wa mtaa akaamuru mabaraza yamwagiwe maji kila alasiri ili watu wasikae, na baraza ya Famau ikashinda mbichi.

Hayo yote Famau aliyavumilia. Lililomvunja ni la mkewe, Bi Zuhura. Alianza kwa homa, kikafuata kifua, na siku ya tatu walikuja watu waliovaa mavazi meupe mwili mzima, kama warina asali, wakamchukua. Famau alitaka kupanda naye gari, wakamkatalia. Wakamwambia akae ndani, asivuke kizingiti chake mpaka watakapomruhusu. Miaka arubaini wameishi pamoja, na hakupata hata kumshika mkono wa kwaheri.

Akawa anakaa mlangoni, kwa ndani ya kizingiti, akitazama njia. Majirani walimletea chakula, wakaweka bakuli ngazini na kurudi nyuma. Jioni bakuli zilikuwa pale pale, zimefunikwa vile vile. Omari aliyaona yote hayo kutoka mlangoni kwake.

Alasiri moja Omari akapaza sauti kutoka ng'ambo.

"Famau, bao letu liko kwako?"

"Liko. Wataka kulifanyia nini? Hatukai pamoja sisi."

"Mimi nina la marehemu baba, liko stoo. Wewe ulitandaze lako hapo, mimi nitandaze langu hapa. Tutatajiana mashimo. Ukicheza, nami nasogeza kwangu. Nikicheza, nawe wasogeza kwako."

"Hayo ni mambo ya watoto, Omari."

"Basi sema waogopa kufungwa."

Famau akalileta bao. Na tangu siku hiyo kichochoro kikapata sauti tena. Famau alikaa ndani ya mlango wake na Omari ndani ya wake, kila mmoja na barakoa kidevuni, wakirushiana mashimo. Sisi tulisikiliza madirishani. Ulisikia kete za Famau, zile mbegu za komwe, zikigonga mti, na za Omari zikilia ng'ambo. Omari alikuwa na ada moja: kila kabla ya kucheza alimwomba Famau amtajie mashimo yote, yana kete ngapi ngapi. "Taja wewe kwanza," alisema, "tuone kama tumelingana." Famau akataja, na Omari akajibu, "Tumelingana." Famau aliona ni uzee unaomfanya mwenzake awe na wasiwasi, akamvumilia. Na baada ya siku kadhaa bakuli zikaanza kurudi tupu.

Sasa sikilizeni siku yenyewe.

Daktari alipiga simu adhuhuri. Alisema Bi Zuhura amewekewa oksijeni, hali si nzuri, na nyumbani wamwombee dua. Famau akasali, akalia, akasali tena. Ilipofika alasiri akalitandaza bao, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, na moyoni akajiwekea nadhiri ya ajabu: nikimfunga Omari leo, Zuhura atarudi. Najua, dini haitaki mambo hayo, naye alijua pia. Lakini mtu aliyeshikwa na hofu hujitengenezea ishara.

Na mchezo ukamwendea. Shimo baada ya shimo, Famau alikula. Upande wa Omari ukabaki mwembamba, kete za kuhesabika.

"Taja," alisema Omari. "Shimo langu la pili kutoka kushoto lina ngapi?"

Famau akaangalia. Lilikuwa na tano. Zikiwa tano, mkono wa Omari ungefika penye kete, naye angekula na kuugeuza mchezo. Zingekuwa nne, mkono ungelala kwenye shimo tupu, na Famau angemaliza. Ilikuwa ni kete moja tu. Angeweza kutaja nne, akaitoa ile moja kwa kidole, na bao la Omari likikataa, wangebishana kama walivyobishana maisha yao yote. Na Zuhura angerudi.

Omari alimwita kwa jina, na Famau akaitika.

"Tano," alisema.

"Tumelingana."

Omari akala, akala tena, akafunga. Famau akaingia ndani, akafunga mlango, na majirani walimsikia akilia kama aliyefiwa. Alijua amesema kweli, na aliona kweli hiyo imemuua mkewe.

Mungu si mtumwa wa bao. Bi Zuhura aliteremka garini wiki mbili baadaye, amekonda, kanga imemzidi mwili, akisimama kila hatua chache kuvuta pumzi. Kichochoro kizima kilimpigia vigelegele kutoka madirishani, kwani hakuna aliyeruhusiwa kumkumbatia.

Famau aliporuhusiwa kutoka, mguu wake wa kwanza ulikwenda kwa Omari. Alibeba haluwa kwenye kisahani. Omari alikuwa jikoni, mlango wazi, na pale mlangoni, kwenye kile kiti alichokalia siku zote, palikuwa na sinia limefudikizwa na mkebe wa majani ya chai wenye komwe chache ndani. Bao halikuwapo.

"Omari, bao la baba yako liko wapi?"

Omari akatoka akifuta mikono. Alitazama sinia, akatazama chini.

"Lililiwa na mchwa zamani sana."

"Nawe ulikuwa ukicheza wapi?"

"Kwako. Sinia uliliona kwa mbali ukadhani ni bao, na mkebe niliutikisa usikie mlio tu. Mengine niliyashika kichwani, na yaliyonipotea ulinitajia."

"Kwa nini hukunambia?"

"Ningekwambia sina bao, ungeingia ndani ukafunga mlango. Nawe ulikuwa huli."

Famau akaketi juu ya ngazi. Haluwa ilimwelemea mkononi.

"Na kama ningekudanganya?"

"Ningejuaje? Ungejua wewe."

Hapo Famau akamweleza habari ya ile kete moja, na nadhiri yake, na jinsi alivyodhani amemzika Zuhura kwa ulimi wake. Omari alimsikiliza mpaka mwisho. Machozi yalimlengalenga, wala hakuyaficha.

"Basi siku hiyo," alisema, "ndiyo siku uliyonifunga."

Bi Zuhura alikuwa dirishani ng'ambo, akiyasikia yote. Alivuta pumzi, kwa kuwa bado zilikuwa hazimtoshi, akasema polepole maneno ambayo mtaa uliyaokota na haukuyaacha tena.

Wote watatu tumeshawazika, na tuliwazika kwa watu wengi, bega kwa bega, kama zamani. Baraza ni kavu sasa, kahawa inauzwa, ila anayecheza bao kwa ustadi ule simwoni. Na Bi Nargis hatakuwako Eldoret kujionea. Atamuuliza mwanawe kwa simu, amesoma, amelala wapi, amekaa na nani, naye atamtajia, na mama atajibu kuwa wamelingana, kwa kuwa yeye huku, kama Omari, hana bao la kulinganishia.

Bao la mbali, mwamuzi ni moyo.