Kidari cha Ndeshi

Kidari ni cha mkata majani. Mmemsikia shangazi yenu akimtupia mtu maneno hayo sokoni, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza yametoka wapi. Hayakutoka mbali. Yalianzia kijiji kimoja cha huku mlimani, ambako mbuzi na ng'ombe hawaendi malishoni. Hufugwa bandani, na majani yao hufuatwa chini tambarare, yakapandishwa mlima kichwani.

Aikande alikuwa mkata majani. Mumewe, Elisante, alihamia kwa mke mdogo ng'ambo ya mto, akamwachia binti yao Ndeshi na mbuzi jike mmoja. Ndeshi alipofaulu kwenda sekondari ya bweni, Aikande alimfuata Elisante kumwomba sare na godoro.

"Subirini kahawa iive," akajibiwa.

Kahawa ikaiva, ikachumwa, ikauzwa, na Elisante akaezeka mabati nyumba ya mke mdogo. Basi Aikande akaongeza mizigo: mmoja wa mbuzi wake, miwili ya majirani waliomlipa. Majani yale yana makali. Yalimchanja vidole hata akashindwa kushika sindano. Alimchukia Elisante, tusifichane, lakini mbele ya mtoto hakumtukana hata siku moja. Kila muhula aliuza mwana wa yule mbuzi, na Ndeshi akarudi shule.

Miaka minne ikapita. Ndeshi akapata nafasi chuo cha ualimu, na Aikande akamchinjia beberu wake wa mwisho. Sasa, desturi yao ilikuwa hivi: kidari cha mbuzi wa sherehe ya mtoto, yaani nyama ya kifua, hupewa baba, na aliyekula kidari ndiye mwenye neno juu ya mtoto yule. Elisante alifika wa kwanza, koti jipya mabegani, akakaa kiti cha mbele. Aikande alikwisha kunong'onezwa kwamba mwanamume huyo ameshakunywa mbege, pombe ya posa, ya mchumba aliyemtafutia Ndeshi. Alikoroga chungu huku akikitazama kwa hofu kile kiti cha mbele.

Mzee Kiwelu, mgawa nyama wa ukoo, akainua kidari. Elisante akanyoosha mkono.

"Ngoja kidogo, Baba Ndeshi. Mbuzi huyu amenona. Alikula majani ya nani?"

"Majani ni ya Mungu, mzee. Hayana mwenyewe."

"Hayana mwenyewe, lakini hayapandi mlima kwa miguu. Wewe ulibeba mizigo mingapi?"

"Mimi ndiye niliyemzaa! Na kama si kahawa..."

"Kahawa gani hiyo isiyoiva miaka minne?" akadakia shemeji yake mmoja, na watu wakaangua kicheko.

Mzee Kiwelu hakucheka. Wazee wenzake walikuwa wakinung'unika kwamba desturi ni desturi.

"Desturi ilimpa baba kidari kwa sababu baba ndiye aliyemhangaikia mtoto," akawaambia. "Kidari ni cha mkata majani." Akamwekea Aikande mikononi.

Aikande hakuwahi kuonja kidari tangu azaliwe. Alitafuna polepole, machozi yakimtoka, wala hakuyafuta. Watu wakangoja neno lake.

"Ndeshi anakwenda chuoni," akasema. "Kuolewa ataolewa akitaka mwenyewe. Na wewe Elisante, una watoto wengine watatu kule ng'ambo. Majani bado yapo."

Elisante aliondoka kabla ya supu. Lakini mwezi haukuisha, watu wakamwona akipandisha mlima na mzigo wa majani kichwani, shingo imempinda kwa kukosa mazoea. Walikuwa na kila sababu ya kumcheka, ila walimpisha njia, akapita.

Ndiyo maana hata leo mzazi akija kudai heshima ya mtoto asiyemlisha wala kumsomesha, hatukanwi. Huambiwa tu: kidari ni cha mkata majani.