Mshindikaji Aliyejifunga Kamba ya Ngamia

Kaeni!

— Tumekaa.

Nyamazeni!

— Tumenyamaza.

Mwenye jicho la usingizi?

— Alifumbue!

Haya. Kale hiyo, wanangu, kale ya kale, kabla babu wa babu yangu hajaota meno, mji wa Shewani ulikuwa umesimama na misikiti yake na visima vyake. Leo ukienda huoni hata ukuta, magugu yamekula. Basi katika mji huo palikuwa na mshindikaji mafuta, jina lake Shekuwe. Wewe, toa kiwiko chako hapo, goti langu si kigoda. Shekuwe, nasema, mshindikaji wa mafuta ya ufuta.

Kinu cha mafuta mnakijua? Hamkijui. Nyinyi mafuta mmeyakuta chupani. Ni gogo kubwa limechongwa tumbo, ndani umesimamishwa mchi mnene kama mtu mzima, mchi umefungwa boriti, na boriti inavutwa na ngamia aliyezibwa macho asishikwe na kizunguzungu. Ngamia anazunguka, mchi unasaga, mafuta yanachuruzika, mashudu yanabaki. Na mtu je? Mtu anazunguka naye, anausukuma ufuta kwa mkono urudi chini ya mchi. Ngamia azunguke, Shekuwe azunguke. Jua lipande, azunguke. Jua lishuke, azunguke. Kinu kinalia nyiii, nyiii, mpaka mtu analala bado anakisikia.

Ngamia mwenyewe akiitwa Makini. Marehemu baba yake Shekuwe alimfundisha kwa adabu ya mji ule, ambako kazi haikuanzwa wala kumalizwa bila kumtaja Mungu. Akiambiwa "Bismillahi," anainuka anakwenda. Akiambiwa "Alhamdulillahi," anasimama. Neno jingine halijui. Ungemtukana mpaka kesho asingekugeukia.

Basi Shekuwe alikuwa mtu aliyechoka. Miguu ilimchoka, mgongo ulimchoka, lakini huo ni uchovu wa kila maskini, mtu hulala ukapungua. Wake ulikuwa na mwenziwe moyoni. Sogeeni niwaambie.

Desturi ya Shewani, mama akiwa mahututi, wanawe huja mmoja mmoja wakamshika miguu. Mama akasema, "Nimekusamehe maziwa yangu." Kisha akanywa funda la maji, na mtoto akamaliza yaliyobaki kikombeni. Hiyo ndiyo radhi. Mtoto aliyeikosa, watu walimsalimia vizuri tu, lakini hawakupenda kumpa binti yao wala kusafiri naye.

Mama yake Shekuwe, Bi Zena, aliugua msimu wa ufuta. Akatuma mtu kinuni: "Mwambieni mwanangu aje."

Shekuwe akajibu, "Nikimaliza huu uliomo kinuni, naja."

Akatuma tena. Shekuwe akajibu, "Kinu kikisimama sasa ufuta unaharibika. Naja, jamani, si nimesema naja?"

Mara ya tatu hakuitwa tena, alipewa mkono wa tanzia. Alipofika nyumbani, maji ya kumwoshea mama yalikuwa yamekwisha pashwa moto. Miguu aliishika, lakini ilikuwa baridi, na kikombe kilikuwa kimepinduliwa.

Hakumuuliza mtu mama alisema nini. Aliogopa. Hata mkewe, Mwanatumu, aliyekuwapo chumbani saa ile, hakumuuliza. Matanga yakaondolewa, akarudi kinuni. Ngamia azunguke, Shekuwe azunguke.

Jioni moja mwalimu wa darsa akasema msikitini: "Theluthi ya mwisho ya usiku, Mola wenu huuliza, nani ananiomba nimpe? Nani anataka msamaha nimsamehe?" Wengine walitikisa vichwa wakaenda kula. Shekuwe alibaki amekaa. Akasema moyoni, mama yangu hawezi tena kunijibu. Lakini huyu anayeuliza kila usiku, huyu yupo. Nitamwendea huyu.

Mnadhani kusema na kutenda ni ndugu? Ngojeni.

Usiku ule ule akaamka. Akatawadha kwa maji ya baridi, akaenda kuswali kwenye banda la kinu, maana ndani mlikuwa na kitoto kichanga, Lali, ambacho ukikohoa tu kimeamka. Akasimama, akasoma, akarukuu. Akaenda kusujudu. Akasema, "Ee Mola wangu, mama yangu..." na hapo hapo usingizi ukamchukua. Alipoinua uso, mkeka umemchora kipaji cha uso na alfajiri inaadhiniwa.

"Astaghfirullahi," akasema. "Mwenyewe anauliza, nami nakoroma."

Usiku wa pili, vivyo hivyo. Usiku uliofuata, vivyo hivyo. Akiamka vizuri, akisimama vizuri, akifika kwenye sijida, kichwa kikigusa mkeka, basi, mtu hayupo. Na ile dua yake haikupata kufika mwisho. "Ee Mola wangu, mama yangu..." Ikakatikia hapo kila siku.

Akatafuna pilipili mbichi. Akalala na pilipili mdomoni, akaamka midomo imevimba, mjini wakamuuliza kama kaumwa na nyuki. Akasimama kwa mguu mmoja, akaanguka. Akamwaga changarawe akasimama juu yake. Changarawe, mtu mzima na ndevu zake! Akalala juu ya changarawe. Mtu aliyezunguka kutwa nzima nyuma ya ngamia, changarawe kwake godoro.

Cheka, cheka tu wewe. Yeye hakucheka. Hapo ndipo alipofanya kosa lake, na kosa silo usingizi. Alianza kuwaza hivi: mgeni anayetakiwa huamshwa, asiyetakiwa huachwa alale nje. Mimi naletewa usingizi nisiseme. Mama hakuniridhia, na Mungu naye hataki kunisikia. Mlango umekomewa kwa ndani.

Wanangu, hakuna mzigo mzito kama huo. Akawa hali vizuri. Akawa hamchukui mwanawe mikononi, akiona mikono yake haina baraka. Mwanatumu akimwuliza, "Baba Lali, una nini?" humjibu, "Nimechoka." Na kweli alikuwa amechoka, kwa hiyo mke hakuwa na la kuongeza.

Akasema, nitajaribu mara ya mwisho. Nikishindwa, siombi tena. Nitabaki na kinu changu mpaka nife.

Siku hiyo ufuta ulikuwa mwingi. Alimaliza usiku umeingia, hana nguvu hata ya kumfungua ngamia kwenye boriti. Akasema "Alhamdulillahi," Makini akapiga magoti pale pale na mkanda wake shingoni. Shekuwe akalala kidogo. Akaamka saa zake, akatawadha, akachukua kamba ya ngamia, ile nene ya makumbi ya nazi. Akaipitisha chini ya kwapa, akaizungusha kifuani, ncha akaifunga kwenye boriti. Akaijaribu. Hata magoti yakilegea, kamba itamshika.

Mnaona alipofunga? Kwenye boriti. Na boriti imefungwa kwa nani?

— Ngamia!

Nyinyi mmeliona. Yeye usingizi ulikuwa umemla akili.

Akapiga takbira. Na kwa kuwa alitaka kuufukuza usingizi, akasoma kwa sauti kubwa kabisa, sauti ya kazi:

"Bismillahi..."

Makini akainuka.

Si ndivyo alivyofundishwa? Akainuka, akatia mguu mbele, akaanza kuzunguka kwa adabu zake zote. Kinu nyiii. Boriti ikamvuta Shekuwe. Hatua mbili tatu alitembea, kisha akajikwaa, akawa anaburutwa kwa magoti, kiunoni shuka inamtoka, mchi unasaga kinu kitupu.

"Simama!" akapiga kelele. "Simama wewe! Ngoja! Mshenzi wewe, utaniua!"

Makini hayajui maneno hayo. Akazunguka. Nyiii.

"Jamani! Jamani nakufa!"

Mlango wa nyumba ukafunguka. Mwanatumu akatoka na taa mkono mmoja, Lali kwenye ziwa mkono wa pili. Akainua taa, akamwona mumewe anazungushwa kinuni kama ufuta. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Alhamdulillahi."

Makini akasimama.

Mwanatumu akaweka taa chini. "Baba Lali, ni nini hiki? Umeona mafuta hayatoshi unataka kujishindika mwenyewe?"

Alidhani mumewe atacheka au atakasirika. Shekuwe alikaa pale pale vumbini, kamba kifuani, magoti yanatoka damu, akalia. Alilia kilio ambacho hakukilia siku ya maziko. Mwanatumu akaogopa. Akakaa karibu naye.

"Nimekataliwa, Mwanatumu," akasema. "Kila usiku nakuja kuomba msamaha, kila usiku nalazwa. Leo nimejifunga, hata mnyama wangu ameniondoa mbele ya Mungu. Sitakiwi."

"Msamaha wa nini?"

Akamweleza. Alimweleza yote, jinsi alivyoitwa na alivyojibu, na kikombe kilichopinduliwa. Kisha akauliza lile alilokuwa halithubutu. "Wewe ulikuwapo. Alisema nini mama?"

Mwanatumu akampakata Lali vizuri. "Neno la radhi hakulisema," akajibu. "Sikudanganyi. Ndiyo maana nikanyamaza, nilijua ndilo utakalolitaka. Yule mtu aliporudi mara ya pili na kusema kinu hakijasimama, mama aliniuliza, 'Huyo Shekuwe amekula tangu asubuhi?' Nikasema sijui. Akasema, 'Mpelekeeni uji.' Hakusema jingine mpaka alipotoa shahada."

Shekuwe akaukumbuka ule uji. Aliletewa, akaunywa amesimama, akarudisha bakuli, wala hakuuliza umetoka kwa nani.

Alilia tena, lakini safari hii kwa namna nyingine. "Hiyo si radhi," akasema.

"Mimi si kadhi," Mwanatumu akasema. "Sijui kama ni radhi ama si radhi. Niliyoyasikia ndiyo hayo." Akatazama chini. "Mtazame huyu."

Lali alikuwa amelala, ziwa bado kinywani, tone la maziwa kwenye kidevu.

"Kila usiku ananiamsha kwa makelele, nimechoka sina hali. Nampa ziwa. Mafunda mawili, kalala. Sasa niambie, nimpige kofi? Nimwambie hukulitaka ziwa langu, usirudi tena? Au kwa sababu alilala jana, leo akilia nisiamke?"

Shekuwe akamtazama mwanawe.

"Na mimi ni mja tu," Mwanatumu akasema. "Tena mja mwenye hasira, unanijua. Mtume katwambia Mungu huwahurumia waja wake kuliko mama anavyomhurumia mwanawe. Wewe unaamshwa kila usiku. Nyumba hii yote imelala, mji umelala, wewe ndiye unayeamshwa. Asiyetakiwa angeachwa alale mpaka jua limchome. Fungua hiyo kamba, Baba Lali. Swali ulivyochoka. Ukishindwa kusimama, kaa. Usingizi ukikushinda, lala. Kesho urudi."

Akamfungua mwenyewe, maana fundo lilikuwa limekaza. Akaenda kumlaza mtoto.

Shekuwe akajipangusa, akatawadha tena, akakaa juu ya mkeka wake, akaswali kwa kukaa. Hakupaza sauti, nadhani mnajua kwa nini. Alipofika kwenye sijida akasema, "Ee Mola wangu, mama yangu alinipa uji, nami sikwenda. Nisamehe. Nimechoka na sina kwingine pa kwenda." Ilikuwa mara ya kwanza dua ile kufika mwisho. Na baada ya hapo?

— Alilala!

Alilala. Palepale. Mnataka niwadanganye niseme alishukiwa na nuru? Alilala akakoroma.

Mwanatumu alirudi akamkuta ameangukia ubavu. Hakumwamsha. Akamfunika kaniki yake, akamwekea shuka chini ya kichwa, akaenda zake ndani.

Alfajiri ilipoadhiniwa, Shekuwe akafumbua macho. Hakujua kama alitoa salamu au hakutoa. Hakujua kama amesamehewa au bado, na mpaka anakufa mzee hakupata kujua, kwa maana hilo hakuna anayeambiwa akiwa hapa duniani. Ila kile kitisho hakikuwamo tena moyoni. Akaenda msikitini. Akarudi akamchukua Lali mikononi, akakaa naye mlangoni mpaka jua likapanda, na Makini akangoja. Kisha akaenda kinuni. Na usiku akaamka tena, na usiku wa pili, na usiku mwingine, amechoka vile vile.

Basi wanangu, msikilize nami nimalize, sauti inanikauka. Watu watawaambia ibada ya usiku ni ya mawalii wasiosinzia. Waongo. Ni ya waliochoka pia, nami ni mmoja wao, mnanisikia nikigonga birika la kutawadhia gizani mnanung'unika. Mwendee Mungu na dhambi yako, mwendee na usingizi wako. Ukisinzia lala, ukiamka rudi. La kuogopa ni moja tu, kumwambia "hunitaki" Yule ambaye hajasema hivyo.

Kisa nimekitua hapa. Aliyekipenda akichukue, akawape wanawe. Asiyekipenda anirudishie, nitampata mwingine wa kumpa. Haya, nani ataniinua? Polepole, hilo goti.